Biashara ya mbao za paina: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu faida

Majibu haya yanahusu mbao za paina zinazotoka Mufindi, Makambako na Njombe kuja Dar es Salaam: za kupaulia, za kumwagia zege na za fremu. Njia hiyo ndiyo ninayoijua. Bei zote nilizoandika ni za mfano, maana mbao hupanda na kushuka kila mwezi. Chukua hesabu, weka namba zako.

Je, kuuza mbao kunalipa kweli?

Kunalipa, ila faida haiko pale ambapo watu wengi wanaitafuta. Mgeni wa biashara hii anauliza bei ya 2x4 (mbao ya inchi 2 kwa inchi 4) Mafinga, mji wa Mufindi, anauliza bei ya 2x4 Buguruni au Mbagala hapa Dar, anatoa, anazidisha kwa elfu moja na tayari ameshajenga nyumba kichwani. Ile tofauti karibu yote inaliwa na gari, vibali, wapakiaji, mbao zilizovunjika na pango la yadi. Kinachobaki kinategemea mambo mawili: ulichokinunua kina ukubwa gani na ukavu gani hasa, na lundo lako linakaa yadi siku ngapi kabla halijaisha.

Nipe hesabu ya gari moja.

Tuchukue mbao 1,000 za 2x4, futi 12, zilizokauka vizuri, kwenye Fuso la tani 10.

Kununua kwa 4,500 kila moja ni 4,500,000. Kupakia 100,000. Gari 1,300,000. Ushuru na vibali vya safari, tuseme 250,000. Kushusha 100,000. Jumla 6,250,000.

Sasa toa mbao 40 ambazo zitakuwa zimevunjika, zimepinda au zina fundo katikati kiasi kwamba hakuna fundi atakayezigusa. Unabaki na 960, na kila moja imekugharimu kama 6,510. Ukiuza zote kwa 7,800 unapata 7,488,000. Faida ghafi ni 1,238,000.

Hapo wengi hufunga daftari. Wewe endelea. Yadi inadai pango 300,000 kwa mwezi, mlinzi 150,000, kijana wa kuuza 200,000, kodi na mengineyo 100,000. Hiyo ni 750,000 kila mwezi, uuze usiuze.

Mzigo ukiisha ndani ya mwezi mmoja, umebaki na 488,000. Ukichukua miezi miwili, gharama za yadi ni 1,500,000 na umepata hasara ya 262,000, ingawa kila mbao uliyouza ilionekana kuwa na faida ya zaidi ya shilingi 1,200. Na ukiweza kumaliza magari mawili ndani ya mwezi huohuo, unabaki na 1,726,000. Mbao ni zilezile, bei ni ileile. Ndiyo maana wazee wa biashara hii wakiombwa punguzo la shilingi mia mbili na mteja wa mbao 300 hawagombani sana. Wanataka lundo liondoke.

Mbona jirani yangu anauza chini ya gharama yangu na hafilisiki?

Chukua futi ukapime mbao zake. Usipime moja, pima kumi.

Kinachoitwa 2x4 sokoni mara nyingi si 2x4. Mashine nyingi za vijijini ni zile tunazoita dingdong, za msumeno wa duara, zinazovutwa hadi shambani. Mpasuaji akibana kidogo, inchi 2 inakuwa 1¾ na inchi 4 inakuwa 3¾. Kwa macho huoni. Kwa hesabu, 1¾ mara 3¾ ni 6.56, wakati 2 mara 4 ni 8. Umepoteza asilimia 18 ya mti. Kwenye mbao 1,000 ni kama umelipia mbao 180 ambazo hazikupakiwa.

Kwa hiyo jirani hauzi rahisi kukuzidi. Anauza mbao ndogo kwa bei ndogo. Ukijua hivyo unaweza kuamua. Wapo wateja wanaotaka mbao pungufu kwa sababu wanamwagia zege tu na kesho wanazitupa. Kosa ni kununua pungufu kwa bei ya kamili. Mimi nikifika kwenye lundo siulizi bei kwanza. Napima, kisha nauliza, na muuzaji akishaona futi mkononi bei anayotaja huwa tofauti na ile aliyomtajia aliyetangulia.

Kipimo kizuri cha kulinganisha ni ujazo. Mbao ya 2x4 ya futi 12 iliyo kamili ina mita za ujazo 0.0189, yaani mita moja ya ujazo hutoa mbao 53. Kwa 2x2 ni 106, kwa 2x6 ni 35. Ubao wa 1x8 una ujazo sawa na 2x4. Gawanya bei kwa ujazo uone unanunua mti kwa shilingi ngapi. Utashangaa kuona saizi fulani iko juu bila sababu na nyingine iko chini.

Ninunue mbichi au kavu?

Mbichi ni rahisi pale shambani, na hapo ndipo mtego ulipo. Paina iliyotoka kwenye mashine leo imebeba maji mengi. 2x4 ya futi 12 inaweza kuzidi kilo 16. Ileile ikikauka inashuka hadi kilo 9 au 10. Gari linalipwa kwa safari, na barabarani kuna mizani Wenda, Mikumi na Vigwaza. Kwa tani 10 utapakia mbao mbichi zisizofika 600, au kavu kama 1,000. Kwa gari la 1,300,000, usafiri wa mbao mbichi ni zaidi ya 2,150 kila moja, wa kavu ni 1,300. Yaani umelipa zaidi ya shilingi 850 kwa kila mbao ili kusafirisha maji kilomita karibu 580 kutoka Mafinga, na yale maji yatakaukia Dar bila kukulipa chochote.

Nenda na mizani ndogo ya kuning'iniza, ile ya wauza samaki. Pima mbao tano kutoka sehemu tofauti za lundo. Neno "kavu" kwa muuzaji lina maana nyingi.

Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa mbichi na nilijiona mjanja kwa bei niliyopata. Nilizilaza yadi zikiwa zimebanana, bila vijiti katikati, nikafunika turubai juu ili mvua isizipate. Na lile joto la Dar! Baada ya wiki tatu nilipofunua, zilikuwa zimeingia weusi wa bluu kutoka ncha hadi ncha. Weusi ule haupunguzi sana nguvu ya mbao, lakini nenda kamweleze hivyo mama anayepaua nyumba yake ya kwanza. Niliziuza kama mbao za zege.

Basi nikizianika mwenyewe je?

Hapo ndipo pesa ya wazi ilipo, kama una nafasi na subira. Nunua mbichi kulekule, anika kulekule, safirisha zikiwa kavu. Lundo lisikae chini ya futi moja kutoka ardhini. Weka kwenye matofali au magogo. Kati ya safu na safu weka vijiti vya unene sawa, kila baada ya futi mbili, na vijiti vya safu zote vilingane wima, kijiti juu ya kijiti. Vikipishana, mbao inakaukia kwenye mkunjo na haitanyooka tena. Juu weka mabati au mabanzi yenye uzito ili safu za juu zisijikunje. Pembeni acha upepo upite.

Kiangazi cha Mufindi, Juni hadi Oktoba, hunichukua wiki sita hadi nane kwa mbao za inchi 2. Masika sahau. Gharama yake ni pesa yako kulala muda huo wote, pamoja na mlinzi, kwa hiyo mwenye mtaji wa gari moja tu hawezi kuanika. Atakufa njaa akisubiri. Anza kuanika ukiwa na mzigo mwingine unaouza.

Niende Mafinga mwenyewe, au ninunue kwa jumla hapahapa Dar?

Kwa miezi sita ya mwanzo nunua hapahapa. Utapata faida ndogo kwa mbao, pengine shilingi mia tatu au nne, lakini utajifunza mteja wako anataka saizi gani bila kufunga milioni sita kwenye saizi asiyoitaka. Wauzaji wa jumla wanaoshusha malori usiku huuza kwa bei nzuri kuliko ukiwafuata mchana.

Ukianza kwenda Mafinga, nenda kweli. Usitume pesa kwa simu kwa dalali uliyekutana naye mtandaoni akakutumia picha za lundo. Picha ya lundo haina urefu wala uzito, na mara nyingine haina hata mwenye lundo.

Nahitaji mtaji kiasi gani?

Kwa hesabu ya juu, gari moja ni zaidi ya milioni 6, na unahitaji la pili linunuliwe kabla la kwanza halijaisha, la sivyo mteja akija mara mbili akakosa 2x3 hatarudi tena. Kuna watu wameanza na mbao 200 pembeni ya duka la vifaa vya ujenzi la rafiki, bila pango. Huo ni mwanzo mzuri kuliko mkopo.

Saizi gani zinatembea?

Kwa nyumba za kawaida: 2x2 na 2x3 kwa mapapi (zinazopigiliwa mabati), 2x4 kwa kenchi (mifupa inayobeba paa), 2x6 kwa wenye mapaa makubwa. Ubao wa 1x8 unaenda kwenye zege, hasa wakati wa lenta, zege la juu ya milango na madirisha. 1x10 ni ya fishabodi, ubao wa ukingo wa paa, na hapo mteja anataka iliyonyooka isiyo na fundo, kwa hiyo iweke pembeni usiichanganye.

Uwiano unategemea mtaa. Chanika, Mbezi na Kigamboni, kunakojengwa nyumba mpya, mbao za paa zinaondoka. Ukiwa Keko, kwenye samani, fundi seremala hatakugusa ukiwa na 2x2 za kupaulia. Yeye anataka mbao pana, kavu kabisa, mtiki au mkongo.

Mbao za dawa zina faida zaidi?

Zina faida kwa sababu Dar kuna mchwa, na mteja anajua. Mbao iliyotiwa dawa kwa mtambo wa mgandamizo inauzwa juu zaidi na haigombewi bei sana.

Shida ni bandia. Kuna watu wanaopaka rangi ya kijani kwa brashi, au wanachovya kwenye pipa mara moja. Njia ya kujua ni kukata: kata kipande cha futi moja kutoka ncha, uangalie ndani. Iliyotiwa kwa mtambo, kijani kimeingia kuelekea katikati. Iliyopakwa, ni nyeupe kama muhogo uliomenywa. Muuzaji akikataa usikate, umeshapata jibu. Na ukiuza bandia, mchwa utarudi na jina lako baada ya miaka miwili.

Dawa inayotumika sana ina shaba, kromiamu na aseniki. Mabaki yake yasitumike kupikia wala kuchomea nyama, hata kama kijana wa yadi anasema yanawaka vizuri.

Vibali gani ninahitaji?

TIN, leseni ya biashara ya halmashauri, mashine ya risiti kama mauzo yako yanakulazimu, na usajili wa biashara ya mazao ya misitu unaotolewa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Mzigo ukisafiri lazima uwe na TP, yaani hati ya kusafirishia, na risiti za ushuru wa ulikotoka. Idadi na saizi zilizoandikwa kwenye TP zilingane na zilizo kwenye gari. Mbao 40 zilizoongezwa baada ya hati kuandikwa zinaweza kukugharimu mzigo mzima kwenye kizuizi.

Hata mti uliopandwa kwenye shamba la mtu binafsi unahitaji hati ukishakuwa mbao na kuanza safari. Nimesikia wengi wakibisha hili kizuizini. Hakuna aliyeshinda.

Na mninga, mkongo, mvule?

Bei yake ni ya kutamanisha. Lakini hiyo ni miti ya misitu ya asili, uvunaji wake una leseni na mipango ya wilaya, na sehemu kubwa ya inayouzwa kwa bei ya kutupa haina karatasi. Ukikamatwa nayo unapoteza mbao, na gari la watu linazuiliwa. Anayeanza aachane nayo mpaka apate mtu wa kuaminika mwenye hati kamili. Mtiki wa mashamba ya Longuza na Mtibwa una njia iliyo wazi zaidi.

Msimu una uzito gani?

Mkubwa. Mvua zikianza Novemba au Desemba, barabara za ndani Mufindi zinakuwa sabuni, magari hayafiki mashambani na bei ya Mafinga inapanda. Lakini Machi hadi Mei, Dar nako masika yamesimamisha ujenzi, kwa hiyo umenunua ghali na huuzi. Kuanzia Juni mambo hufunguka pande zote mbili, na mikoani watu waliovuna hupaua.

Januari ni mwezi wa ajabu kidogo. Ada za shule zikifika, wenye miti huuza kwa bei ya haraka, miti ikingali imesimama. Mwenye pesa Januari hununua kwa raha, ingawa mimi huona aibu kidogo kukandamiza bei ya mtu ninayejua anapeleka mtoto shule.

Je, ninunue miti nipasue mwenyewe?

Ukijua kukadiria ujazo wa mti uliosimama, ndiyo. Usipojua, unanunua kwa macho kutoka kwa mtu aliyeipanda na kuitazama kila siku.

Dingdong hula milimita 6 au zaidi kwa kila mpasuo, na kwenye magogo membamba unaweza kutoka na mbao zenye theluthi moja tu ya ujazo wa gogo. Msumeno wa mkanda hula milimita 2 au 3, na kiwanda kizuri hukaribia nusu. Kwa hiyo bei nafuu ya kupasua inaweza kuwa ndiyo ghali.

Uliza pia umri wa miti. Kwenye shamba la serikali la Sao Hill, lenye zaidi ya hekta 130,000, paina huachwa ikomae. Kwa watu binafsi mara nyingi huangushwa ikiwa na miaka 8 hadi 12, ada au msiba ukibisha hodi. Mbao yake ni nyepesi, hujinyonga ikikauka, na misumari hailali vizuri. Viwanda vya vinia (tabaka nyembamba za mbao za kutengenezea plaiwudi) vilivyojaa Mafinga navyo vinagombea magogo haya haya, kwa hiyo usitegemee bei ya miti kushuka.

Niwakopeshe mafundi?

Fundi paa mmoja mwenye kazi nyingi ni sawa na duka la pili. Ndiye anayemwambia mwenye nyumba "tukachukue kwa fulani", na atataka cha juu. Mpe, lakini kiwe wazi na kidogo, kitoke kwenye faida yako na si kwa kumwongezea mwenye nyumba mbao 30 zisizohitajika kwenye orodha. Siku mwenye nyumba akiona zile 30 zimebaki uani, mmempoteza wote wawili.

Mkopo wa mbao ni kitu kingine. Mbao ikishapigiliwa juu ya paa huwezi kwenda kuichukua. Nakopesha nusu tu, kwa fundi niliyefanya naye kazi zaidi ya mwaka, na nusu ya kwanza inalipa zaidi ya nusu ya gharama yangu.

Kuuza Kenya kunalipa?

Kenya ilipopiga marufuku uvunaji katika misitu ya umma Februari 2018, wanunuzi wa huko waliongezeka sana kwetu. Rais Ruto alitangaza kuiondoa marufuku hiyo Julai 2023, lakini biashara ya mpakani haikufa. Kumbuka kwamba wao huuza kwa futi moja moja, sisi kwa kipande. Mtu akikutajia bei ya Nairobi, zidisha kwa urefu kabla hujafurahi au kusikitika, na uliza kabisa nani analipa vibali vya kuvusha.

Chuma na alumini havitatuua?

Madirisha ya mbao vimeshayachukua, tusidanganyane. Paa bado ni letu kwa nyumba za kawaida, kwa sababu fundi wa mbao yuko kila mtaa na kenchi za chuma bado ni ghali kwa wengi.

Mabaki yanauzika?

Mabanzi yanauzika kwa wajenzi wa mabanda na kama kuni. Vipande vifupi vya futi mbili tatu hununuliwa na watengeneza viti vidogo na vibanda vya kuku. Maranda wafugaji huja na magunia yao wenyewe Jumamosi asubuhi. Kama yadi yako inapiga randa mbao za dawa, hayo yaweke rundo lake mbali, usiwape wa kuku.